Mwongozo kamili: jinsi ya kusanifu basi la shule lenye injini nyuma

Ukihamishia injini ya basi la shule mkiani, unapoteza mlango wa dharura wa nyuma. Mambo mengine yote, yaani uzito, upoozaji, mpangilio wa viti na mahali pa tangi la mafuta, yanafuata baada ya hasara hiyo. Ndiyo maana mwongozo huu unaiacha injini hadi hatua ya nne. Wanafunzi wengi wa uhandisi na mafundi wa bodi huanza kwa kuchagua injini, kisha wanahangaika kuwatafutia watoto pa kutokea. Tufanye kinyume chake.

Nafuata mfano wa Marekani, kwa sababu basi la shule lililosanifiwa kuwa basi la shule tangu kwenye chesisi limekomaa zaidi huko. Kwetu Afrika Mashariki mabasi mengi ya shule ni bodi iliyojengwa juu ya chesisi ya lori, injini ikiwa mbele. Wamarekani wanagawa mabasi yao ya shule katika aina nne, A hadi D. Aina ya D ni lile lenye pua bapa, ambalo mlango wake wa kuingilia uko mbele ya magurudumu ya mbele. Injini ya aina hii inaweza kukaa mbele kando ya dereva, au nyuma kabisa. Ya nyuma ilipata wapenzi mapema huko California, kwenye milima na safari ndefu. Kampuni ya Gillig, iliyokuwa na makao Hayward, ilitoa basi la shule la dizeli lenye injini nyuma mwaka 1959. Leo majina makubwa ni Blue Bird na basi lake la All American, Thomas Built Buses ya High Point, North Carolina, na IC Bus.

Hatua ya kwanza: uliza kama unaihitaji

Injini nyuma ni ghali zaidi na ina mabomba na nyaya ndefu. Faida zake ni za kweli, lakini hazimfai kila mnunuzi. Dereva anakaa mbali na kelele na joto, kwa hiyo anawasikia watoto, na akisimama kabla ya kuvuka reli anasikia honi ya treni. Sakafu ya mbele haina kibanda cha injini, hivyo mlango na ngazi vinaweza kuwa vipana. Katikati ya ekseli mbili panabaki nafasi ya masanduku ya mizigo yanayopenya kutoka ubavu mmoja hadi wa pili, jambo ambalo shule zinazosafirisha timu za michezo hulipenda sana. Fundi naye anafungua mlango wa nyuma na kuikuta injini mbele yake. Hahitaji kuchutama ndani ya basi na kufunua kifuniko karibu na miguu ya dereva.

Kama mteja wako ana njia za mjini za kilomita chache, vituo kila kona na yadi ndogo ya kuegesha, mwambie ukweli: injini mbele itamfaa zaidi na atalipa kidogo. Kama ana milima, safari za zaidi ya saa moja na watoto 80 kwa mkupuo, endelea na hatua ya pili.

Hatua ya pili: chora milango ya dharura kabla ya kitu kingine

Sheria ya shirikisho ya Marekani kuhusu njia za dharura ni kiwango namba 217. Inatoa njia mbili: mlango wa dharura nyuma, au mlango wa dharura ubavuni kushoto pamoja na dirisha la nyuma linalosukumwa nje. Basi la injini nyuma linalazimika kufuata ya pili, kwa sababu mahali pa mlango wa nyuma pamekaliwa na injini.

Shika vipimo hivi na uviweke kwenye mchoro kama vizuizi visivyogusika. Mlango wa ubavuni uwe na uwazi wa angalau sentimita 114 kwenda juu na 61 kwa upana, na bawaba zake ziwe upande wa mbele. Dirisha la nyuma likifunguliwa lipitishe kitu cha mstatili chenye kimo cha sentimita 41 na upana wa sentimita 122. Nguvu ya kufungulia isizidi nyutoni 178, ili mtoto aweze. Kitasa kikiachia, king'ora kilie kwa dereva. Na kama kuna kufuli linalozuia mlango wa dharura kufunguka, basi lisikubali kuwaka likiwa limefungwa.

Dirisha la nyuma ndilo linalosumbua. Liko juu ya injini, kwa hiyo mtoto atapanda rafu iliyo nyuma ya kiti cha mwisho kabla ya kufika dirishani. Usiifanye rafu hiyo iwe kubwa na ya kuvutia, kwa sababu mabegi yatajaa hapo ndani ya wiki moja, na siku ya moto kila begi ni kizuizi. Wengine huiinamisha kidogo ili mzigo usitulie. Mimi ningefanya hivyo bila kusubiri kuambiwa.

Wenye mashaka wasome habari za ajali ya Carrollton, Kentucky, ya tarehe 14 Mei 1988. Basi la zamani la shule lililokuwa likitumiwa na kanisa liligongana uso kwa uso na gari dogo la mizigo. Tangi la mafuta lililokuwa karibu na mlango wa mbele likatoboka, moto ukauziba mlango huo, na abiria wengi wakakimbilia mlango mmoja wa nyuma kupitia njia nyembamba katikati ya viti. Watu 27 walikufa. Basi hilo lilikuwa limetengenezwa muda mfupi kabla ya viwango vipya kuanza kufanya kazi tarehe 1 Aprili 1977. Sheria ya leo kuhusu idadi ya njia za dharura, pamoja na vifuniko vya dharura juu ya paa, ilikazwa baada ya ajali hiyo.

Jambo moja kwa wasanifu wa Afrika Mashariki: sisi tunaendesha upande wa kushoto, kwa hiyo kila kitu kinageuka. Mlango wa kuingilia uko kushoto, na mlango wa dharura wa ubavuni uende kulia. Ukihamisha mlango wa kuingilia na kuuacha wa dharura kushoto kama kwenye mchoro wa Marekani, milango yote miwili itakuwa upande mmoja, na basi likilala kwa upande huo hakuna mlango utakaofunguka.

Hatua ya tatu: viti, kisha uzito

Urefu wa futi 40, yaani mita 12.2, ndio unaotumika sana. Upana wa bodi ni takriban mita 2.44. Kiti cha benchi cha inchi 39 (sentimita 99) kinahesabiwa watoto watatu, kwa kuwa sheria inagawanya upana kwa milimita 381 na kukaribisha kwenye namba nzima. Safu 14 zenye nafasi ya sentimita 70 hivi zinakula mita 9.8. Ongeza eneo la dereva na ngazi, ongeza rafu ya nyuma, mita 12.2 zimekwisha. Una watoto 84. Kiti kinachopakana na mlango wa dharura wa ubavuni kiwe cha kujikunja, ili njia ibaki wazi.

Sasa uzito, na hapa usikimbie. Sheria ya Marekani inaruhusu kumhesabu mtoto kwa ratili 120, yaani kilo 54.4. Tuseme basi tupu likiwa na mafuta lina kilo 11,000. Watoto 84 wanaleta kilo 4,570, dereva kilo 68. Jumla ni kama kilo 15,640. Tuchukue ekseli ya mbele yenye uwezo wa ratili 13,200 (kilo 5,987) na ya nyuma ratili 23,000 (kilo 10,433). Uwezo wa jumla ni kilo 16,420. Unaona ziada ya kilo 780 na unafurahi.

Usifurahi bado. Ili ekseli ya nyuma isizidi kilo 10,433, ya mbele lazima ibebe angalau kilo 5,207. Na yenyewe haitakiwi kuzidi kilo 5,987. Kwa hiyo sehemu ya uzito inayokaa mbele lazima iwe kati ya asilimia 33.3 na 38.3. Kama umbali kati ya ekseli ni mita 7, kitovu cha uzito wa basi zima lililojaa kiangukie kati ya mita 4.32 na 4.67 kutoka ekseli ya mbele. Sentimita 35 tu. Basi la mita 12, lenye tani 15, na unaruhusiwa kucheza ndani ya urefu wa rula moja na kidogo.

Injini inakivuta kitovu hicho upande wake. Chukua injini, gia boksi na vimiminika vyake kuwa tani moja, kitovu chake kikiwa mita 1.5 nyuma ya ekseli ya nyuma. Ekseli ya nyuma haihisi tani moja. Inahisi kilo 1,000 × 8.5 ÷ 7, yaani kilo 1,214, na kilo 214 zinanyanyuliwa kutoka mbele. Kila sentimita unayoisogeza injini mkiani unailipa mara mbili. Hesabu hii ifanywe kwa jedwali lenye kila kitu kizito, yaani betri, tangi, rejeta, kiyoyozi, lifti ya kiti cha magurudumu na masanduku ya mizigo, na irudiwe kwa hali tatu: basi tupu, limejaa, na limejaa nusu ya nyuma peke yake. Hali ya tatu ndiyo inayosahaulika, na ndiyo inayofanya usukani uwe mwepesi mno kwenye lami yenye maji. Watoto wakubwa hukaa nyuma, kila mtu anajua.

Suluhisho zake ni za kawaida: betri na matangi ya upepo yaletwe mbele, tangi la mafuta likae katikati ya reli za chesisi, ekseli ya nyuma isogezwe nyuma kadiri radiasi ya kukata kona itakavyoruhusu. Mkia mfupi pia hupunguza kuyumba kwa nyuma wakati wa kukata kona. Kwa mkia wa mita 3.1 na matairi yaliyokatwa nyuzi 40, kona ya nyuma ya basi hutoka nje ya mstari wake karibu nusu mita. Mtoto aliyesimama ukingoni mwa barabara yuko ndani ya hiyo nusu mita.

Hatua ya nne: injini, propela na joto

Hapa ndipo sasa unachagua injini. Nyingi za mabasi haya Marekani leo ni Cummins ya silinda sita, B6.7 au ile kubwa ya L9, pamoja na gia boksi otomatiki ya Allison ya familia ya 3000. Kwa milima chagua kwa torki (nguvu ya kuzungusha) zaidi ya nguvu za farasi.

Propela, yaani shafti inayopeleka mzunguko wa gia boksi kwenye ekseli ya nyuma, ni fupi mno, na ufupi huo ni tatizo. Kwenye basi la injini mbele propela ni ndefu, ina vipande na beringi ya katikati, na ekseli ikipanda na kushuka pembe za jointi hubadilika kidogo tu. Huku nyuma gia boksi imekaa hatua chache kutoka kwenye difu (gia za ekseli ya nyuma). Ekseli ikipanda sentimita 10, pembe inabadilika sana, na jointi zinakufa mapema. Springi za upepo husaidia kwa sababu zinashika kimo kilekile basi likiwa tupu au limejaa. Ukitumia springi za majani, chora pembe ya propela katika hali zote mbili kabla ya kufunga kitako cha injini.

Joto sasa. Injini ya mbele inapigwa na upepo wa mwendo, lakini ya nyuma haina upepo huo. Rejeta huwekwa ubavuni, mara nyingi kushoto kwenye mabasi ya Marekani, na feni kubwa inayoendeshwa kwa haidroliki au umeme inavuta hewa. Mambo matatu hukosewa. La kwanza ni hewa ya moto kurudi tena kwenye rejeta: ziba kila upenyo kati ya rejeta na bodi kwa mpira, kwa maana upenyo wa vidole viwili unatosha kuharibu kazi yote. La pili ni vumbi. Mkia wa basi huvuta vumbi la magurudumu yake yenyewe, kwa hiyo mdomo wa hewa ya injini uwe juu, karibu na paa, na rejeta iwe na mlango wa kusafishia ambao fundi anaufungua bila spana. Kwa barabara za changarawe za kwetu, hili peke yake linaamua kama basi litadumu. La tatu ni mabomba ya maji ya hita kwenda mbele: yana urefu wa basi zima, yanabeba maji mengi, na yakibaki na hewa ndani hita ya dereva haipati joto. Weka vali za kutolea hewa sehemu za juu kabisa.

Injini za dizeli za Marekani tangu 2007 zina kichujio cha masizi, na tangu 2010 nyingi zina mfumo wa kunyunyizia urea. Kichujio kinapojisafisha, moshi unaweza kufikia nyuzi 600. Yote hayo yamebanwa kwenye sanduku moja na waya, mabomba ya mafuta na mipira. Ukuta kati ya injini na abiria uwe wa chuma, usio na matundu ya holela, wenye blanketi la kuzuia joto. Kila waya unaopenya uwe na kizibo chake.

Na moto. Desemba 2017 huko Oakland, Iowa, basi la shule lilikwama mtaroni, bomba la moshi likazibwa, tabo (turbocharger) ikapata joto kupita kiasi na moto ukaanza kwenye injini. Dereva na mwanafunzi wa miaka 16 walikufa. Lilikuwa basi la injini mbele, lakini funzo ni la kila msanifu: bodi ya uchunguzi wa ajali, NTSB, ilipendekeza mabasi mapya ya shule yawe na mfumo wa kuzima moto wenyewe kwenye chumba cha injini. Kwa injini nyuma ni muhimu zaidi, maana dereva yuko mita 11 mbali na hatasikia harufu mapema. Funga kihisi cha joto kinachopita juu ya tabo, alternita na bomba la moshi, kengele yake iwe mbele.

Hatua ya tano: bodi

Kiwango cha Marekani namba 220 kinataka paa libebe mara moja na nusu ya uzito wa basi tupu, na lisibonyee zaidi ya milimita 130, milango ya dharura ikiendelea kufunguka. Kwa basi letu la kilo 11,000 ni tani 16.5 juu ya paa. Namba 221 inasema maungio ya bati yawe na nguvu ya angalau asilimia 60 ya bati dhaifu lililoungwa. Hapo ribiti nyingi, au ribiti pamoja na gundi ya viwandani, huwa bora kuliko kulehemu bati jembamba linalojikunja kwa joto.

Mkia unahitaji kazi ya ziada. Pete za chuma za bodi hapo zimekatwa na mlango wa injini chini na dirisha la dharura juu. Ongeza nguzo mbili imara kwenye kona za nyuma, zifike hadi kwenye chesisi.

Viti ni sehemu ya usalama wa bodi. Kiwango namba 222 kinamzingira mtoto kati ya migongo ya viti mirefu, laini na iliyokaribiana, na migongo hiyo iliongezwa kimo hadi sentimita 61 kwa mabasi ya kuanzia Oktoba 2009. Mfumo huu hufanya kazi vizuri basi likigongwa mbele au nyuma. Ukigongwa ubavuni au basi likibiringika, hausaidii sana, ndiyo maana California inadai mikanda ya bega na kiuno kwenye mabasi makubwa mapya tangu Julai 2005. Ningeifunga hata kama sheria haidai.

Tangi la mafuta liwe katikati ya reli za chesisi ndani ya kizimba cha chuma. Jaribio la namba 301 hulipiga basi kwa kizuizi cha ratili 4,000 kikija kwa maili 30 kwa saa, popote pale.

Hatua ya sita: kiti cha dereva

Pua bapa inampa dereva mtazamo mzuri, lakini mtoto mdogo aliyeinama kuokota daftari mbele ya bampa bado haonekani. Jaribu vioo kwa silinda za kimo cha sentimita 30, kama kiwango namba 111 kinavyotaka. Mkono wa kusimamisha magari ubavuni na fimbo ya mbele inayomlazimisha mtoto avuke mbali na bampa viwe kwenye mchoro wa kwanza, visiongezwe baadaye kwa bolti. Ukiwa na injini mkiani, pima pia kelele kwenye sikio la dereva. Wamarekani huchukua desibeli 85 kuwa kikomo, na basi la injini nyuma lisilofika chini sana ya hapo lina kasoro ya feni au ya kitako cha injini.

Hatua ya saba: mfano wa kwanza na majaribio

Tengeneza chesisi ya majaribio kabla ya bodi. Ipakie mifuko ya mchanga kwa uzito uliohesabu, pima kila gurudumu kwenye mizani, na linganisha na jedwali lako. Tofauti ikizidi asilimia mbili au tatu, simama utafute kilichosahaulika.

Kisha joto: panda mlima mrefu kwa mwendo wa polepole, basi limejaa, siku ya jua kali, kiyoyozi kikiwaka. Ukifika juu, zima injini na usubiri dakika kumi huku ukisoma vihisi vya joto. Moto wa chumba cha injini unaweza kuanza baada ya kuzima, feni imesimama na tabo bado ni nyekundu. Breki zifuate: basi lenye breki za upepo, likiwa limejaa na linakwenda maili 60 kwa saa, lisimame ndani ya futi 280, mita 85.

Majaribio ya milango ya dharura yafanyeni na watoto, chini ya uangalizi, basi likiwa wima na bodi tupu nyingine ikiwa imelazwa ubavu. Watu wazima wa kiwandani hawafai kwa kazi hii. Wana mikono mirefu na wanajua kitasa kiko wapi.

Marekani mtengenezaji anajithibitishia mwenyewe kwamba basi limefikia viwango, kisha serikali kupitia NHTSA, mamlaka yake ya usalama barabarani, inaweza kununua basi sokoni na kulipima. Kenya utapitia KEBS, shirika la viwango, ambalo kiwango chake cha bodi za magari ya abiria ni KS 372, na NTSA, mamlaka ya usalama barabarani. Tanzania ni TBS, shirika la viwango, na LATRA, mdhibiti wa usafiri wa ardhini. Nenda na jedwali la uzito na ripoti ya majaribio ya paa mkononi, na uende mapema, wakati mchoro bado unaweza kubadilishwa. Rangi ya manjano haina mjadala Kenya, iko kwenye sheria. Marekani nayo ilianza mwaka 1939, kwenye mkutano ulioitishwa na Frank W. Cyr katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York.

Mabasi kumi ya kwanza yasiuzwe moja kwa moja. Yakodishe kwa shule zenye njia tofauti, moja ya vumbi, moja ya milima, moja ya pwani yenye chumvi, na uyafungue chumba cha injini kila mwezi. Angalia kwanza mipira ya kuziba rejeta, jointi za propela, vishikizo vya bomba la moshi na kitasa cha dirisha la nyuma. Kitasa hicho ukikikuta kimeshika kutu au kimefungwa kwa waya na dereva kwa sababu king'ora kinamsumbua, rudi kwenye mchoro wa hatua ya pili ukirekebishe kabla ya kutengeneza basi la kumi na moja.